Kutoka Kisiwa chenye Hazina hadi River Road: Vitabu vya Mikasa katika Mitaa ya Eastlands

Katika mitaa ya Eastlands, yaani ukanda wa makazi ulio mashariki ya katikati ya jiji la Nairobi, unaoanzia Muthurwa, Pumwani na Shauri Moyo na kupitia Kaloleni, Makadara na Jericho hadi Buruburu, Umoja, Dandora na Kayole, kitabu kilichosomwa kwa hiari, bila mwalimu wala mtihani, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 kilikuwa kitabu cha mikasa. Kwa jina hilo inakusudiwa hapa hadithi ambayo mhusika wake mkuu hutoka mahali penye usalama akaingia penye hatari, akitafuta hazina, mwuaji, baba aliyepotea au riziki tu, na ambayo msomaji huifuata hasa ili ajue litakalotokea ukurasa unaofuata. Wataalamu wa fasihi ya Kiswahili huliweka kundi kubwa la vitabu vya aina hiyo chini ya fasihi pendwa, istilahi inayotaja maandishi yaliyotungwa yasomwe na wengi na kwa haraka, na mara nyingi huitamka kwa sauti yenye dharau kidogo. Dharau hiyo imewafanya watafiti wapitwe na jambo la maana, kwa sababu mkondo wa vitabu hivyo ukifuatwa mtaani, mambo mawili hujitokeza: hatari iliyosimuliwa ilizidi kusogea karibu na mlango wa msomaji, kutoka visiwa vya mbali hadi barabara za nyuma ya kituo cha mabasi, na mipaka ya umri iliyochorwa na wachapishaji ilivunjwa kila mara na namna vitabu vyenyewe vilivyozunguka.

Mitaa hiyo haikujengwa kwa ajili ya wasomaji. Pumwani, iliyotengwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 iwe makazi rasmi ya Waafrika mjini, na makazi ya reli ya Muthurwa, yalikusudiwa kumhifadhi mfanyakazi wa kiume aliyedhaniwa kuwa mgeni wa muda, ambaye angerudi kijijini mkataba wake ukiisha. Ni katika miaka ya 1940 tu, Kaloleni ilipojengwa, ndipo wazo la mfanyakazi kuishi Nairobi na mke na watoto wake lilipoanza kukubaliwa kwa vitendo. Chumba kimoja chenye watu kadhaa, taa ya koroboi na saa chache kati ya kazi na usingizi, hayo ndiyo yaliyokuwa mazingira ya kusomea, na kwa hiyo kitabu kinene chenye maelezo ya taratibu hakikuwa na nafasi kubwa. Mjini kati, Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931 kwa kumbukumbu ya Sir William Northrup McMillan, lakini hadi mwishoni mwa miaka ya 1950 milango yake ilikuwa ya Wazungu pekee, hivi kwamba mkazi wa Shauri Moyo aliyefagia ngazi zake za mawe hakuruhusiwa kuazima hata kitabu kimoja kilichokuwa ndani.

Vitabu vya kwanza vya mikasa vilivyopatikana kwa Kiswahili vilitoka kwa njia ya shule na misheni, navyo vilikuwa tafsiri. Frederick Johnson, aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki, alikuwa na mkono katika kuleta Kisiwa chenye Hazina, tafsiri ya riwaya ya Robert Louis Stevenson, na Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya riwaya ya Rider Haggard, zote mbili zikitoka mwaka 1929, kisha zikafuatwa na Safari za Gulliver na nyinginezo. Kusudi la tafsiri hizo lilikuwa la kielimu zaidi ya la kisanaa: wanafunzi walihitaji maandishi marefu ya kusomea katika Kiswahili sanifu kilichokuwa kikiundwa, na hadithi ya safari na hazina ilionekana kuwa chambo kizuri, isiyo na siasa. Dhana kwamba haikuwa na siasa, bila shaka, ilikuwa ya kijuujuu. Katika Mashimo ya Mfalme Sulemani Waafrika wengi ni wabebaji mizigo au majeshi ya kufa kwa wingi, na almasi ni za kuchukuliwa na wageni. Hata hivyo humo humo yumo Umbopa, mtu anayejitokeza mwanzoni kama mtumishi wa msafara na baadaye akadhihirika kuwa ni Ignosi, mfalme halali aliyenyang'anywa kiti cha baba yake. Si vigumu kuona ni yupi kati ya wahusika hao ambaye angemvutia kijana wa Pumwani aliyekuwa akipika na kupiga pasi katika nyumba za Wazungu kule Upper Hill, na hilo halikuwa somo ambalo wasimamizi wa elimu walikuwa wamelipanga.

Pamoja na tafsiri hizo kilikuwapo kitabu kimoja cha mwenyeji ambacho mara nyingi husomwa kama historia lakini chenye mwendo wote wa hadithi ya mikasa, nacho ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934, kinachosimulia utekaji, safari ya jahazi, kuokolewa baharini na maisha mapya ya watumwa walioachwa huru kule Freretown, Mombasa. Wahakiki wa baada ya uhuru wamekilaumu, tena kwa haki, kwa jinsi kinavyowasifu Waingereza mno. Lakini Eastlands haiwezi kukipita kimya, kwa kuwa mmoja wa mitaa yake, Mbotela, umepewa jina la Tom Mbotela, mwanasiasa wa chama cha Kenya African Union (KAU) wa ukoo huohuo wa pwani, aliyeuawa Nairobi mwaka 1952.

Mabadiliko makubwa yalikuja na Shirika la Maandiko la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948 na makao yake yakawekwa Nairobi, chini ya uongozi wa Charles Richards. Shirika hilo, ambalo kwa ufupi lilifahamika kwa herufi za jina lake la Kiingereza, EALB, lilifanya mambo matatu kwa pamoja: lilitafuta waandishi Waafrika, lilichapisha au kuwatafutia wachapishaji, na lilisambaza vitabu kwa masanduku na kwa posta kwa wasomaji wasiokuwa na maktaba karibu. Mashindano ya uandishi ndiyo yaliyozaa tunda ambalo halikutarajiwa. Katika shindano la miaka ya 1957 na 1958 mshindi wa hadithi ya Kiswahili alikuwa Mohamed Said Abdulla wa Unguja, na hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipotoka mwaka 1960 ilikuwa riwaya ya kwanza ya upelelezi ya Kiswahili kupata sifa pana. Riwaya ya upelelezi ni ile inayoanza na uhalifu uliokwisha kutendwa na kumalizika pale mtu mwenye akili kali anapoeleza ulivyotendwa. Mpelelezi wake, Bwana Msa, hana bunduki wala cheo cha polisi. Ana kiko chake, subira, na tabia ya kuwaacha wengine waseme sana huku yeye akisikiliza. Hatari katika kitabu hicho iko shambani Unguja, katika mzimu ambao watu wanauogopa na ambao Bwana Msa anakataa kuuogopa, na ladha yake ni ya wasomaji wanaopenda fumbo kuliko mapigano. Kwa wakazi wa Pumwani, ambako Waislamu wa asili mbalimbali walikuwa wameujenga mji mdogo wa Kiswahili katikati ya bara, lugha ya Abdulla na adabu za watu wake hazikuwa ngeni hata kidogo. Shaaban Robert naye, kwa Kusadikika cha mwaka 1951 na Adili na Nduguze cha mwaka 1952, alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba nchi za kubuni na safari za ajabu zinaweza kubeba Kiswahili cha hali ya juu, ingawa ni wazi kwamba vitabu hivyo vilisomwa darasani mara nyingi kuliko kitandani.

Kati ya kuanzishwa kwa EALB na kizazi cha baada ya uhuru kulikuwa na Hali ya Hatari, iliyotangazwa na serikali ya kikoloni ili kuwakabili wapiganaji wa Mau Mau. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya Uingereza yalianza Operesheni Anvil, msako ulioifunga Nairobi na kuwachuja maelfu kwa maelfu ya wakazi wake, hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru wa Eastlands, wengi wao wakaishia kambini. Msako huo haukuacha kitabu cha kusomwa kwa burudani, lakini uliacha kiu ya kusikia yaliyotokea msituni, na baada ya uhuru kumbukumbu za wapiganaji zilikidhi kiu hiyo. Mau Mau General, kitabu cha Waruhiu Itote aliyejulikana kama Jenerali China, kilichapishwa mwaka 1967 na East African Publishing House, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1965. Na mwaka 1974 Meja Mwangi alitoa riwaya ya msituni, Carcase for Hounds. Maktaba huviweka vitabu hivyo viwili kwenye rafu tofauti, kimoja historia na kingine fasihi. Msomaji wa mtaani aliyetaka kujua namna mtu anavyoponyoka kwenye mzingo wa askari hakuwa na sababu ya kuvitenganisha.

Hata hivyo hakuna maandishi yaliyopenya Eastlands kwa upana kama jarida la picha lililoitwa African Film, lililoingia katika nusu ya pili ya miaka ya 1960. Jarida la picha ni hadithi inayosimuliwa kwa mfululizo wa picha za kamera zilizopangwa kwenye kurasa kama katuni, maneno ya wahusika yakiwa yamechapwa ndani ya picha zenyewe, na mtindo huo uliletwa na kampuni ya Drum ya Jim Bailey, iliyokuwa na matoleo ya Afrika Kusini, Afrika Magharibi na Afrika Mashariki. Shujaa wake alikuwa Lance Spearman, au The Spear kwa kifupi, mpelelezi mweusi mwenye kofia, tai ya kipepeo, ndevu za kidevuni na gari la kasi la Corvette Stingray, aliyeigizwa na Jore Mkwanazi. Alisaidiwa na Sonia, Kapteni Victor wa polisi na kijana mdogo aitwaye Lemmy, na alipambana na maadui waliokuwa na majina ya kutisha, miongoni mwao Rabon Zollo. Picha zilipigwa kusini mwa Afrika, lakini mji uliomo katika hadithi hautajwi kwa jina la nchi yoyote, na ukimya huo ndio uliomwezesha msomaji wa Jericho, wa Lagos na wa Accra kuamini kila mmoja kwamba mji ni wake.

Inafaa kulitazama jarida hilo kwa karibu, kwa sababu umbo lake linaeleza nguvu yake. Karatasi ilikuwa ya bei nafuu, rangi ilikuwa kwenye jalada pekee, na ndani picha nyeusi na nyeupe zilikaa chache katika kila ukurasa, kila moja ikiwa na sentensi fupi ya Kiingereza chepesi: amri, tusi, onyo, kelele ya risasi. Mtu aliyekuwa na miaka minne ya shule angeweza kuifuata hadithi. Asiyejua Kiingereza kabisa angeweza kuzifuata picha. Na aliyemaliza kidato cha nne angeweza kuwasomea wengine kwa sauti huku akitafsiri papo hapo na kuongeza chumvi. Kwa njia hiyo nakala moja ilikuwa na wasomaji wa rika zote kwa wakati mmoja, mtoto akiangalia ngumi, kijana akiangalia suti na gari, na mtu mzima akiangalia jambo ambalo sinema za majumba ya mjini hazikuwa zimemwonyesha, yaani mtu mweusi anayeamrisha, anayefikiri na anayeshinda. Ni kweli kwamba Spearman hakuwa na siasa yoyote ya kusemea. Matatizo yote ya ulimwengu wake huisha mhalifu mmoja anapokamatwa. Lakini kumlaumu kwa hilo ni kudai kutoka kwa jarida la bei ya chini kitu ambacho riwaya nyingi za heshima za wakati huo nazo zilishindwa kukitoa.

Riwaya za Kiswahili zilikuwa zimeanza kuelekea mjini wakati huohuo. Faraji Katalambulla alichapisha Simu ya Kifo kwa EALB mwaka 1965, akamwondoa mpelelezi kutoka shambani kwa Bwana Msa na kumweka Dar es Salaam, ambako Inspekta Wingo anachunguza mauaji yanayotangulizwa na mlio wa simu. Mwaka 1974 shirika hilohilo likatoa Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, ambamo jasusi wa Tanzania, Willy Gamba, anatumwa Nairobi kufuatilia nyaraka za siri za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Kwa msomaji wa Makadara huo ulikuwa mgeuko wa maana: mji aliokuwa akiupita kwa miguu kila asubuhi kwenda kazini Industrial Area sasa ulikuwa ndani ya kitabu, pamoja na hoteli zake, teksi zake na watu wake wa kutiliwa shaka, na ulikuwa umeandikwa na mtu wa nje aliyeuona kuwa mahali pa hatari. EALB yenyewe ilivunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na nafasi yake nchini Kenya ikachukuliwa na Kenya Literature Bureau, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1980. Tangu hapo riwaya za Kitanzania za upelelezi zilivuka mpaka kwa shida zaidi, zikitegemea mikoba ya wasafiri na wachapishaji wachache waliozitoa upya.

Nairobi iliyoandikwa na Wakenya wenyewe ilikuja kwa Kiingereza, na ilikuja kwa kishindo. Mwaka 1971 East African Publishing House ilitoa Son of Woman ya Charles Mangua, riwaya ambayo msimulizi wake, Dodge Kiunyu, ni mtoto wa kahaba aliyelelewa Eastleigh, akasoma hadi chuo kikuu na bado akaishia jela, akisimulia yote kwa ulimi mkali usiomheshimu mtu. Miaka miwili baadaye Meja Mwangi alitoa Kill Me Quick, ambamo vijana wawili waliomaliza shule, Meja na Maina, wanatafuta kazi Nairobi na kuipata mitaro, mapipa ya taka na genge la wahalifu. Kisha Going Down River Road mwaka 1976 na The Cockroach Dance mwaka 1979. Katika vitabu hivi muundo wa kale wa mikasa umepinduliwa. Shujaa wa Stevenson anatoka nyumbani akaenda kisiwani na kurudi na mali. Vijana wa Mwangi wametoka nyumbani, wamekwisha kufika kisiwani, na kisiwa ni Nairobi, wala hakuna merikebu ya kuwarudisha. Hiki ndicho kilele cha mkondo unaoelezwa hapa, na ni kilele chenye uzito wa kisanaa, jambo ambalo wahakiki walilikubali kwa Mwangi mapema kuliko walivyolikubali kwa Mangua.

Wachapishaji walitambua kwamba kuna soko na wakaanzisha mifululizo, yaani vitabu vya waandishi tofauti vinavyotolewa kwa umbo, bei na jalada linalofanana ili mnunuzi ajue anachokipata. Tawi la Heinemann la Nairobi lilianzisha Spear Books katikati ya miaka ya 1970. Macmillan ikaleta Pacesetters kuanzia mwaka 1977, vingi vikiwa vya Wanaijeria, lakini David Maillu wa Kenya akaingia na The Equatorial Assignment mwaka 1980, chenye jasusi wake Benni Kamba, nambari 009. Maillu alikuwa amekwisha kufanya jambo ambalo kampuni kubwa hazikulithubutu: kwa kampuni yake mwenyewe, Comb Books, alichapisha kuanzia mwaka 1973 vitabu vidogo vyembamba kuhusu pombe, mapenzi na maisha ya makarani wa mjini, vikauzwa kwa wingi mno, na mwaka 1976 vikapigwa marufuku Tanzania. Vitabu vyake vya awali si vya mikasa kwa maana kamili, ila viliwafundisha wafanyabiashara wa Nairobi kwamba kitabu kinachotosha mfukoni na kinachomalizika kwa safari chache za basi kinaweza kumlisha mwandishi.

Kitabu kilichozidi vyote kwa maisha marefu mtaani ni My Life in Crime cha John Kiriamiti, kilichotolewa na Spear Books mwaka 1984. Kiriamiti alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwaka 1971 kwa wizi wa kutumia nguvu, akaandika kitabu hicho gerezani, na kikatoka mwaka uleule alioachiliwa. Msimulizi anajulikana kwa jina la Jack Zollo, jina la ukoo ambalo msomaji wa African Film hangeweza kulipita bila kumkumbuka adui wa Lance Spearman. Jambo hilo dogo linastahili kuangaliwa: pale ambapo kizazi cha miaka ya 1960 kilipewa mpelelezi wa kumshangilia, kitabu cha mwaka 1984 kilimkabidhi msomaji jina la mhalifu na kumtaka aone ulimwengu kutoka upande wake, akihesabu njia za kutorokea, akimdanganya mpenzi wake kuhusu kazi anayoifanya, akibadilisha nguo ndani ya gari. Milango ya benki na vichochoro vilivyotajwa vilikuwa vile ambavyo msomaji angeweza kwenda kuvitazama Jumamosi. Mwaka 1989 Kiriamiti alirudi na My Life with a Criminal: Milly's Story, ambamo mambo yaleyale yanasimuliwa na mwanamke aliyeishi na jambazi bila kujua, na ni kitabu hicho, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, kilicho bora kati ya viwili: hatari yake haiko barabarani, iko katika chumba cha kulala, katika fedha zisizoelezeka na katika safari za ghafla, na kwa hiyo kiliwafikia wasomaji, hasa wanawake, ambao mapigano ya bunduki yalikuwa yamewachosha.

Shule zilikuwa na mpango mwingine. Watoto wa darasa la juu la msingi walitakiwa wasome Barbara Kimenye, ambaye mfululizo wake wa Moses, uliotolewa na Oxford University Press mjini Nairobi tangu miaka ya 1960, unamfuata mvulana mtundu katika shule ya bweni inayosimamiwa ovyo, pamoja na watekaji, wezi na walimu wa kuchekesha. Wa sekondari walitakiwa wasome vitabu teule, yaani vile vilivyochaguliwa na serikali kwa ajili ya mtihani. Na watu wazima walidhaniwa hawasomi. Mpangilio huo ulikuwa sahihi kwenye karatasi tu. Nyumba ya chumba kimoja haina rafu ya watoto na rafu ya wakubwa, na kitabu alicholetewa kaka kilisomwa na dada wa darasa la sita kabla kaka hajarudi kazini, huku baba, asiyekuwa na cheti chochote, akimtaka mwanawe amsimulie Moses amefanya nini leo. Wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Chris Wanjala akiwa wa mbele, waliandika kwa ukali katika miaka ya 1970 dhidi ya riwaya pendwa, wakiona kwamba zinapotosha vijana na kuidhoofisha fasihi. Hoja yao ilikuwa na ukweli ndani yake, kwa kuwa vitabu vingi vya wakati huo viliwachukulia wanawake kuwa mapambo na umaskini kuwa mandhari, lakini iliuacha bila jibu ukweli kwamba bila vitabu hivyo wengi wa wasomaji hao hawangesoma kitu chochote baada ya kumaliza shule.

Chombo kilichovunja mipaka hiyo kwa utaratibu wa kibiashara kilikuwa biashara ya vitabu kuukuu ya kando ya barabara, ambayo Wananairobi huiita inama, kwa kuwa mnunuzi hulazimika kuinama ili aone kilichotandazwa chini. Wauzaji walikaa kwenye njia za miguu za Tom Mboya na Latema, kwenye vituo vya magari ya Eastlands na katika soko la Gikomba, baadaye pia Muthurwa, wakitandika gunia la nailoni na kuvipanga vitabu migongo ikitazama juu, vya shule upande mmoja na vya hadithi upande mwingine. Bei iliandikwa kwa penseli ndani ya jalada, na ilishuka kadiri jalada lilivyochakaa; kitabu kilichokatika mgongo kiligundishwa kwa gundi ya fundi viatu na kufungiwa uzi hadi kikauke. Aliyemaliza kitabu alikirudisha, akaongeza kiasi kidogo cha fedha na kuondoka na kingine, hivi kwamba muuzaji aliishi kwa nyongeza hizo zaidi ya mauzo, na kitabu kimoja chenye mvuto kingeweza kupita mikononi mwa watu wengi bila kumilikiwa na yeyote. Humo James Hadley Chase alilala juu ya Enid Blyton, Louis L'Amour na wachunga ng'ombe wake wa Marekani kando ya Meja Mwangi, na riwaya za kijasusi za Nick Carter juu ya Pacesetters zilizopoteza kurasa za mwisho, ambazo muuzaji mwaminifu alizitaja kabla ya kupokea fedha na asiye mwaminifu akanyamaza.

Utaratibu huo wa kubadilishana ulikuwa na athari kwa aina ya vitabu vilivyodumu. Kitabu ambacho mtu hataki kukirudisha hutoka sokoni, na kitabu ambacho hakuna anayetaka kukichukua hubaki kwenye gunia mpaka kikafungiwe karanga. Kinachozunguka ni kile kinachosomwa haraka, kinachosimulika kwa mwingine ili naye akitamani, na kisichomfunga msomaji kukirudia. Hadithi ya mikasa ina sifa hizo zote. Kwa sababu hiyohiyo mwanahistoria wa usomaji wa Eastlands ana kazi ngumu, maana nakala zilizosomwa zaidi ndizo zilizoharibika kwanza, na African Film, iliyowahi kuonekana kila kona, sasa ni kitu cha wakusanyaji, ilhali ripoti za idara za elimu ambazo hakuna aliyezifungua zimekaa salama katika majalada yake.

Baadhi ya wasanii walijaribu kuurudisha mkondo huo kwenye ngano za nyumbani. Katika miaka ya 1980 Terry Hirst, aliyekuwa ameanzisha jarida la Joe pamoja na Hilary Ng'weno mwaka 1973, alishiriki katika kutoa Pichadithi, vitabu vya katuni vilivyowageuza mashujaa wa masimulizi ya jadi kama Luanda Magere kuwa wahusika wa katuni, na Frank Odoi, mchoraji kutoka Ghana aliyefanya kazi Nairobi, akabuni Akokhan. Kwa Kiswahili kurudi kwa hadithi ya safari kulikuja mwaka 1996, Ken Walibora alipotoa Siku Njema, riwaya ya Kongowea Mswahili anayetoka Tanga na kuvuka Kenya hadi Kitale akimtafuta baba asiyemjua. Kitabu hicho kilipoingia katika orodha ya vitabu teule kilifanya jambo ambalo tafsiri za Johnson zilikusudia na hazikulifikia kikamilifu, yaani kumfanya mwanafunzi asome Kiswahili fasaha kwa sababu hawezi kuacha, na wanafunzi wa shule za Ofafa Jericho, Aquinas au Pumwani waliokisoma kwa ajili ya mtihani walikipeleka nyumbani kwa wadogo zao ambao hawakuwa na mtihani wowote. Walibora alifariki Aprili 2020 baada ya kugongwa na gari katika barabara ya Landhies, njia inayoingia Eastlands kupitia Muthurwa.

Mwaka 2010 likaja Shujaaz, jarida la katuni la bure lililosambazwa pamoja na gazeti na katika vibanda vya kutuma fedha kwa simu, likiwa limeandikwa kwa Sheng, lugha ya vijana iliyokulia katika mitaa hii hii. Mhusika wake mkuu, Boyie, amemaliza shule na hana kazi, sawa na Meja na Maina wa mwaka 1973, lakini yeye ana redio ya siri chumbani na anatangaza kwa jina la DJ B. Jarida limebuniwa kwa makusudi ya kuelimisha kuhusu kilimo, afya na haki, na makusudi hayo huonekana mara kwa mara kupita kiasi, ingawa wachoraji wake wanajua vizuri namna paa la mabati linavyokaa.

Maktaba za umma, zilizochelewa sana katika historia hii, zina matawi mawili ya zamani ya McMillan katika ukanda huu, Kaloleni na Makadara, mbali na maktaba ya serikali ya kitaifa ya Buruburu. Kwa miaka mingi rafu zake zilijaa vitabu vya msaada kutoka ng'ambo, vilivyochaguliwa na watu wasiojua nani angevisoma, huku wanafunzi wakiziendea hasa kwa sababu ya meza na taa. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka mwaka 2017, liliingia mkataba na Kaunti ya Nairobi na kukarabati matawi yote mawili, likiweka humo vitabu vya waandishi wa Kiafrika na vya lugha za Kiafrika pamoja na sehemu za watoto. Mangua, Mwangi na Kiriamiti, walioandika Nairobi ambayo maktaba ya mjini kati ilijengwa kuwazuia wakazi wake, sasa wanaweza kusomwa Makadara. Na karibu na hapo, kwenye njia ya miguu, vitabu vyao bado vinauzwa vikiwa na bei ya penseli, vingine vikiwa nakala za wizi zilizochapwa kwa karatasi nyembamba, herufi za jalada zikiwa zimefifia upande mmoja.